Nakala ya Kabla ya Mwezi

Katika ofisi ile hakuna aliyetaka nifaulu upesi, na wapo waliotaka nisifaulu kabisa. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ya kwanza niliona nyuso tu: katibu aliyenitazama kama mbwa wa jirani aliyeingia jikoni, na wenye mitumbwi waliojazana mlangoni wakinizibia mwanga.

"Ndiye huyu?" mmoja aliuliza.

"Ndiye."

"Anatoka wapi?"

"Gitaza, wanasema. Kabla ya hapo Uvira. Kabla ya hapo hata yeye hajui."

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana halikuwa mbali na kweli. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimekuwa nikihamahama kando ya ziwa hili nikifuata chochote nisichokielewa: kwanza redio, kisha simu, kisha kompyuta. Nikishakielewa, naondoka. Rumonge nilikuja kutazama mashine za kukamulia mawese. Nikabaki kwa sababu nilisikia sokoni kwamba shirika moja la wavuvi lina kompyuta iliyokufa na kila fundi aliyeigusa amefukuzwa kwa matusi. Nikataka kuiona.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali, jirani na meza za waya wanazoanikia ndagala, dagaa wa ziwa hili. Ndani ya ile kompyuta kubwa mlikuwa na kanzidata ya mitumbwi yote ya shirika: namba ya kila mtumbwi, mwenyewe ni nani, nyavu zake, wavuvi wake. Ndagala huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, samaki hawaji, basi mitumbwi hupandishwa mchangani na watu hupumzika mpaka usiku uwe mweusi tena. Giza likikaribia kurudi, orodha husomwa mbele ya wote, na kila mwenye mtumbwi hupewa karatasi yenye muhuri. Askari wa majini wakikukuta unavua bila karatasi hiyo, mtumbwi wako unavutwa bandarini na huenda usiuone tena.

Zamani, nilielezwa, walikuwa wakigombania mitumbwi kwa makasia. Kuna aliyepoteza jicho. Ndipo wakapatana kwamba itakachosema mashine ndicho, hata kama ni nini. Hakuna shahidi, hakuna kiapo, hakuna mjomba wa kuingilia kati.

Sasa mashine ilikuwa imekaa kimya. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, moshi ukatoka nyuma ya kompyuta. Wakaagiza laptop iliyotumika kutoka Bujumbura, wakamtafuta kijana aliyewatengenezea programu, na yule hakupokea simu. Kilichobaki ni flashi iliyoning'inia kwenye funguo za katibu, na ndani ya flashi ile nakala ya akiba. Kazi yangu ilikuwa kuichukua nakala hiyo na kuirudisha iwe kanzidata hai, kabla giza halijarudi.

Nilianza kwa kuifungua kompyuta mbovu. Katibu akanishika mkono.

"Nimekuambia flashi iko. Unafungua nini hiyo?"

"Flashi ina mambo ya siku ile ulipochukua nakala. Diski hii ina mambo ya mpaka siku ilipokufa. Afadhali nianze na hii."

"Unajifanya docteur."

"Sijifanyi. Niachie mkono."

Aliniachia. Nikaitoa diski, nikaiunganisha na laptop, nikainamisha sikio. Iligonga, ikagonga tena, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha akingoja chakula, kisha ikanyamaza. Nilijaribu kila njia niliyoijua na mbili tatu nilizozibuni palepale. Haikunijibu. Nilipoinua kichwa katibu alikuwa akitabasamu.

Nikarudi kwenye flashi. Programu ikanijibu kwa Kifaransa kwamba nakala ile ilitengenezwa na toleo jipya kuliko lililomo kwenye laptop, kwa hiyo haiwezi kuisoma. Ilibidi niende mjini kwa mwenye duka la intaneti nipakue toleo jipya. Mtandao ulitambaa, jenereta yake haikuwa na esansi, na mwenyewe aliniambia kila umeme ulipokatika kwamba nimemletea mkosi. Siku nzima ikaishia pale. Niliporudi wenye mitumbwi walikuwa wamekaa ukutani kwenye kivuli, na mmoja akasema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba watu wa Uvira wanaijua sana njia ya kwenda kula.

Toleo jipya likakubali. Mstari wa urejeshaji ukaanza kusogea kwenye kioo, nami nikaanza kupumua, kisha ukasimama. Chini yake ikaandikwa: njia haikupatikana. Hapo nilikaa muda mrefu nikisoma maneno yale mafupi, kwa sababu yanaweza kumaanisha mambo mengi, na mtu mwenye hasira husoma moja tu. Nikaja kugundua kwamba nakala ilikumbuka mahali ilipokuwa ikiishi: sehemu ya diski ya zamani iliyoitwa D. Laptop hii haikuwa na D. Ilikuwa kama kumrudisha mtu kwao baada ya nyumba kubomolewa. Anasimama kwenye uwanja mtupu, anauliza mlango, na hakuna wa kumwonyesha hata msingi ulikopita.

Nilikuwa nikiigawa diski ili niijengee hiyo D yake, alipoingia mtu mnene mwenye kofia safi iliyotarizwa. Alikuwa na soda mbili mkononi. Moja akaiweka mbele yangu.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro."

"Bado unahangaika na ile diski iliyoungua?"

"Imekufa hiyo."

Akavuta kiti, akakaa, akaifungua soda yake kwa meno. "Vizuri. Mambo ya kufa tuyaache. Iliyo kwenye flashi inatosha. Weye rudisha hiyo, usome, uende zako."

"Wewe ni nani katika shirika?"

"Mimi ni mutu mwenye mtumbwi."

"Basi kaa na mtumbwi wako, uniache na mashine."

Hakukasirika. "Weye ni mutu wa kuja," akasema. "Mutu wa kuja akiwa na mudomo murefu, ziwa linakuwa fupi." Akaondoka na soda yake. Yangu sikuinywa.

Sikuelewa alitaka nini mpaka jioni, alipokuja dada yake.

Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti, mikono imejaa magamba ya ndagala, kitenge amekifunga juu kama mtu anayetaka kuvuka maji. Alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, mwenye meza zake za kuanikia, mtu mzima aliyezoea kusikilizwa. Hata salamu hakutoa.

"Amekupa nini ndugu yangu?"

"Soda. Ile pale."

"Soda." Akaitazama. "Bei yako rahisi."

"Sijainywa, mama."

"Hujainywa bado."

Nikamwambia kama amekuja kunitukana ajipange nyuma ya wenzake, mstari ni mrefu. Akanieleza, huku akitazama pembeni kama anayezungumza na ukuta. Mtumbwi wanaougombania ulikuwa wa kaka yake, aliurithi kwa baba yao. Dada ndiye aliyenunua nyavu, taa na betri, miaka yote, kwa ndagala zake. Mwezi huu, mitumbwi ilipokuwa imepandishwa, aliununua na wenyewe. Ulikuwa mchana, mchangani, watu wamejaa. Akatoa chai na mikate, kama anavyofanya kila anayenunua mtumbwi katika ufuo ule. Wote wakanywa. Chai hiyo ndiyo ushahidi wao, tangu kabla ya karatasi na mihuri. Katibu akaenda akaandika kwenye mashine.

"Kisha mashine ikaungua," akasema, "na kaka yangu akapata akili. Anasema alinikodisha. Na wote walioinywa chai yangu, nikiwauliza, wananijibu tungoje mashine itasema nini."

"Kwa nini hawasemi?"

"Kwa sababu mwanamke mwenye mtumbwi wake anawakera. Wewe hukerwi?"

"Mimi nakerwa na kila mtu hapa."

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza.

D ilikuwa tayari. Nikaanza urejeshaji upya naye akiwa kizingitini. Safari hii mstari ulitambaa mpaka mwisho, na orodha ikafunguka, mitumbwi yote imepangwa kwa namba. Nikautafuta wa kwake. Ulikuwapo. Mwenyewe: kaka yake.

Nikatazama tarehe ya nakala. Ilichukuliwa siku ile mitumbwi ilipopandishwa.

Nikamwita katibu kutoka nje, nikamuuliza kwa nini siku ile.

"Kwa sababu siku hiyo kazi inaisha," akanijibu, kama anayemweleza mtoto. "Mitumbwi ikipanda, nafunga kazi, nachukua kopi. Mwezi wote watu wamelala. Kopi ya nini?"

"Na mauziano hufanyika lini?"

"Mauziano ya mitumbwi? Wakati wa mwezi. Si ndipo wenyewe wako nyumbani?"

"Na wewe unayaandika wapi?"

"Kwenye mashine. Wapi tena?"

Nilimtazama nikingoja ayasikie maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia. Kwake yeye, na kwao wote, kazi ni samaki. Mtumbwi ukiwa mchangani hakuna kazi, na pasipo na kazi hakuna cha kuhifadhi. Kila mwezi kwa miaka alikuwa akichukua nakala saa ileile ambayo mambo ya kuhifadhiwa ndiyo kwanza yanaanza. Nikamwambia mpangilio huo ni wa kijinga. Akaniambia mjinga ni mama aliyenizaa, akatoka. Hakuja hata kuangalia kioo.

Dada alikuwa bado amesimama pale.

"Andika jina langu," akasema kwa sauti ya chini. "Unaweza. Ni kubonyeza tu."

"Naweza. Kesho watauliza ni mashine iliyosema au ni fundi. Watanivunja mikono, na wewe hutaupata mtumbwi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakala hii haina jambo lolote la mwezi huu. Imesimama pale ilipopandishwa mitumbwi."

"Haina jambo langu."

"Haina jambo la mtu yeyote."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, macho yamesimama. "Tafuta mtumbwi wa prezida," akasema. Mwenyekiti wao humwita prezida. "Ule mkubwa mpya, namba imepakwa rangi nyekundu. Aliununua siku chache baada ya mimi. Alichinja hadi mbuzi."

Nikautafuta. Mwenyewe: yule aliyemwuzia, mzee mmoja mwembamba ambaye nilikuwa nimemsikia akinitania kuhusu Uvira.

Dada hakucheka. Alivuta kitenge chake, akakikaza.

"Usimwambie mtu."

"Wakiuliza?"

"Waambie imekubali. Si imekubali?"

Ilikuwa imekubali. Akaondoka bila asante.

Siku ya kusoma orodha walikaa mchangani baada ya sala ya alasiri, wenye mitumbwi mbele, wavuvi nyuma, wanawake wa ndagala pembeni kabisa. Meza ikatolewa nje na laptop ikawekwa juu yake. Prezida alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu mbele. Akaniuliza mbele ya watu, "Mashine ni nzima?"

"Nakala imerudi yote," nikasema. "Ni ya siku mitumbwi ilipopandishwa."

Nilisema hivyo wazi na kwa sauti. Hakuna aliyejali. Katibu alishaanza kusoma.

Kila aliyesomwa alijibu "Niko," akaenda kuchukua karatasi. Namba ya mtumbwi wa dada ilipofika, katibu akasoma jina la kaka. Kaka akasema "Niko" kwa utulivu, akainuka, akaipokea karatasi, akaikunja akaitia chini ya kofia. Baadhi ya watu walitazama mchanga. Dada alikaa alipokaa, akipepea nzi.

Mbele kidogo katibu akaufikia mtumbwi wa rangi nyekundu. Akasoma jina, akakwama, akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma," prezida akasema.

Akasoma. Yule mzee mwembamba akageuza kichwa kuangalia kama kuna mtu mwingine mwenye jina lake. Kisha akainua mkono polepole.

"Niko."

Watu wakaguna.

"Uko wapi wewe?" prezida akasema. "Kaa chini. Mtumbwi si wangu?"

"Mimi sijui," mzee akasema. "Nimeitwa, nimeitika. Nimerudishiwa mtumbwi wangu. Murakoze, mashine."

"Uliniuzia."

"Nasikia kwako."

Prezida akanigeukia mimi. "Weye. Umefanya nini?"

"Nimekuambia nakala ni ya siku gani."

Hapo kila mmoja aliyenunua, kuuza au kubadilishana chochote tangu mitumbwi ipandishwe akasimama. Mmoja akauliza nyavu zake, mwingine akadai nusu ya mtumbwi aliyopewa na shemeji yake. Kulikuwa na aliyeanza kumshika mwenzake shati. Katibu alifunga kioo cha laptop kama mtu anayefunika sufuria inayofurika. Wakamtukana yeye, wakanitukana mimi, na mmoja akasema fundi atupwe majini na flashi yake. Nilihesabu hatua za kufika barabarani.

Dada ndipo aliposimama. Alingoja wachoke.

"Nini tena?" akasema. "Mashine imesema. Si ndivyo mlivyoniambia? Mama, tungoje mashine. Mama, sisi hatujui, mashine inajua. Sasa imesema, mnapiga kelele za nini?"

"Mama, hili ni jambo lingine," prezida akasema.

"Ni lilelile. Ni mwezi uleule. Mtumbwi wangu na wako iliandikwa na mkono mmoja, ikaungua pamoja. Ukifufua wako, fufua wangu. Ukizika wangu, chukua jembe tuzike na wako."

"Mimi watu walinywa chai yangu. Walikula mbuzi."

"Nilikuwapo. Nilikunywa. Mbuzi mwenyewe alikuwa mgumu." Watu wachache walicheka bila kutaka. "Mimi niko tayari kusema niliinywa. Nyinyi je, yangu mliinywa au niliota?"

Prezida alitazama umati wake. Nilimwona akipima: upande huu urafiki na kaka, upande ule mtumbwi mkubwa wa rangi nyekundu ambao mzee mwembamba alikuwa tayari anautazama kwa huruma ya mwenye mali. Haikumchukua muda.

"Mimi niliinywa," akasema. "Nani mwingine?"

Mikono ikapanda, kwanza ya wale wenye kitu cha kupoteza, kisha na ya wengine. Kaka akainuka.

"Ilikuwa chai tu. Nilimkodisha. Mutu hawezi kumpa dada yake chai?"

"Aliyeitoa ni yeye, si weye," prezida akasema. "Na tangu lini kukodisha kuna chai?"

"Jana ulikuwa hujui kitu."

"Leo najua. Toa karatasi."

Kaka aliitoa karatasi chini ya kofia. Hakumpa prezida mkononi, aliiangusha mchangani, akamwambia dada yake kwamba kwa baba yao asikanyage tena, hata kwenye msiba. Dada alijibu kwamba kwa baba yao ni kwake pia. Kisha kaka akapita katikati ya watu, na watu wakampisha.

Nikafungua laptop. Niliandika mabadiliko yote ya mwezi ule moja baada ya jingine, kila mmoja akisema lake mbele ya wote, na waliokunywa chai yake wakiitika, huku katibu akigonga muhuri kwenye karatasi mpya. Yule mzee mwembamba alikuwa wa mwisho kukubali, naye alikubali kwa kutema mate pembeni. Nilipomaliza nikachukua nakala palepale, nikampa katibu flashi, nikamwambia tangu sasa achukue nyingine mwezi unapokwisha, kabla mitumbwi haijashuka, na flashi ya pili ikae nyumbani kwa mtu mwingine. Akasema hakuhitaji kufundishwa kazi na mtu asiye na cheti. Prezida akaniambia kwamba jambo nililolifanya kwa siku zote hizo wao wamelifanya kwa midomo kabla ya magharibi, kwa hiyo nisitegemee sherehe. Alikuwa amesema kweli, na bado nilitamani kumpiga.

Nilifunga begi langu nikashuka ufuoni, nikiwaza kwenda Kabonga. Mitumbwi ilikuwa ikisukumwa majini, jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Wa dada ulikuwa bado mchangani, taa zimeshapakiwa, karatasi yake ameishika kwa meno huku akikaza kamba. Wavuvi wawili walikuwa wakishusha mifuko yao kutoka ndani. Walikuwa watu wa kaka yake. Walitia mifuko mabegani, wakamfuata kaka alikokwenda. Waliobaki walisimama wakitazama nafasi zile mbili tupu.

Akaitoa karatasi mdomoni.

"Fundi. Unajua kuvuta wavu?"

"Sijui."

"Kuogelea?"

"Kidogo."

"Utajifunza kwa kutukanwa," akasema. "Hilo umeshalizoea. Weka begi juu, lisilowe."

Nikaliweka juu. Kisha nikaweka bega kwenye ubavu wa mtumbwi pamoja na wengine, na jirani yangu, ambaye sikuwahi kumwona, akaniambia nasukuma kama mgonjwa.